Ukungu Nyuma ya Bibi Harusi

Habari ya kifo cha Mama Konsolata ilinikuta Shasha, nimekaa nyuma ya nyumba napaa samaki wa mchana, na kijana wa pikipiki aliyeileta hakuzima hata mashine. "Mama Valeria, banakuita Nyabiondo," alisema. "Mama Konsolata amekufa. Mutoto yake Apolina anasema ukuje na ile karatasi ya foto." Akageuza pikipiki na kuondoka, mimi nikabaki na kisu mkononi. Mama Konsolata, ambaye zamani nusura awe mama mkwe wangu, alikuwa amepita miaka tisini. Kifo chake hakikuwa cha kumshangaza mtu. Kilichonishtua ni ile karatasi. Kwa miaka hamsini nilidhani hakuna ajuaye kwamba ninayo. Ilikuwa ndani ya jalada la Biblia yangu, imekunjwa mara moja, na kila nilipoifungua Biblia mbele ya watu niliishikilia kwa dole gumba isidondoke. Kesho yake asubuhi nilipanda pikipiki, mwanamke wa miaka sabini mwenye mtoto wa jicho, nikamshika dereva kiunoni kama msichana. Tulipoanza kupanda milima ya Masisi niliona kwamba macho yangu yanafanya kile kilichowahi kufanywa na kamera yangu: mgongo wa dereva ulikuwa wazi, uzi kwa uzi, na mbele yake dunia nzima ilikuwa imeyeyuka. Nilicheka peke yangu, na kicheko chenyewe hakikuwa kizuri.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka ishirini. Ulikuwa mwaka wa nne au wa tano baada ya uhuru. Nakumbuka tu kwamba barabara zilikuwa na watu wenye bunduki ambao hatukujua ni wa nani, na kila bariere waliyoiweka njiani ilidai karatasi yenye uso wa mtu. Nilikuwa nafundisha wasichana kushona kwenye misheni pale Nyabiondo. Masera Klara, mtawa mzee aliyetusimamia, aliitwa ghafla arudi kwao Ulaya, akaenda na sanduku moja tu, na chumba chake akaniachia mimi. Bado nakiota chumba kile: kitanda cha chuma, ndoo mbili, pazia la manjano dirishani, harufu ya dawa za picha iliyofanana na siki, na katikati, juu ya miguu mitatu, kamera ya mbao iliyofunikwa kwa kitambaa cheusi. Wasichana wangu waliogopa kuingia. Walisema inasimama kama mtu anayesikiliza, na sikuwakemea, kwa sababu mimi pia nilikuwa nikiigeuzia mgongo ninapovua nguo.

Lenzi yake ilikuwa mrija mnene wa shaba wenye vioo mbele na nyuma, uliotengenezwa zamani kwa kazi moja tu: uso wa mtu. Katikati ilikuwa kali ajabu, ungeweza kuhesabu kope. Lakini ukienda pembeni picha ililegea, na majani ya nyuma yalianza kuzunguka kichwa cha mtu kama maji uliyoyakoroga kwenye beseni. Juu ya mrija kulikuwa na ufa mwembamba, na humo ulitumbukiza kibati chenye tundu la duara. Vibati vilikuwa vitano, vimewekwa kwenye mfuko wa ngozi, kuanzia tundu la ukubwa wa kifungo cha koti hadi tundu la punje ya haragwe. "Tundu ndogo, vyote vinaonekana: mtu, nyumba, kilima," Masera alinifundisha kwa Kiswahili chake cha kukatakata. "Lakini mwanga iko kidogo, unahesabu mpaka kumi, na mtu hatikisiki. Bila kibati, unafungua kifuniko, unafunga, basi. Lakini unapata uso tu. Vingine vinakwenda." Nilimwuliza vinakwenda wapi. Aliwasha mshumaa mwisho wa chumba akanionyesha kwenye kioo cheupe kama maziwa nyuma ya kamera: nukta ya mwanga, isipokuwa kwenye umbali uliouchagua, haiangukii kioo kama nukta bali kama duara, na duara hilo hukua kadiri tundu linavyokua. Akitia kibati kidogo duara lilinywea, mpaka jicho likakubali kudanganyika na kuona nukta tena. "Haviendi mahali," alisema. "Viko palepale. Ni lenzi imekataa kuviangalia."

Nilikuwa na kiburi na kamera ile, sioni haya kusema. Kwa karatasi za bariere nilitundika shuka nyeupe, nikatoa nyuso kavu kama walivyotaka wenye bunduki. Lakini kwa picha za ukumbusho niliacha lenzi wazi yote, kwa sababu nilipenda ule ukungu, nilipenda mtu anavyotoka ndani yake kama ameitwa jina. Wateja wangu hawakuupenda hata kidogo. Mtu wa Nyabiondo wa wakati ule hakupigwa picha peke yake; alipigwa na nyumba yake ya mabati, baiskeli yake, shamba lake la maharagwe, na vyote alitaka vionekane hadi ufa wa mlango. Mzee mmoja alinirudishia picha yake mbele ya watu waliokuwa wakingoja. "Weye Valeria, mbuzi yangu iko wapi? Miye nilisimama na mbuzi." Nikamwambia, "Iko nyuma yako, Papa, angalia vizuri." Akaangalia. "Hii haiko mbuzi. Hii njo moshi. Umekula mbuzi yangu!" Watu walicheka mpaka wakakaa chini, na tangu siku hiyo watoto waliniita Mla Mbuzi. Ilinibidi nijifunze kutumia kibati cha haragwe, na kuwafundisha watu kusimama bila kupumua nikihesabu hadi kumi. Aliyetikisika alitoka na vichwa viwili. Ndipo nikajua kwamba kuna ukungu wa aina mbili: wa mtu aliyesogea, ambao huwa na mkia, na wa mtu aliyesimama mahali ambapo lenzi haikuangalia, ambao ni wa duara na mtulivu. Sikujua kwamba maarifa haya yangekuja kunitesa.

Mwaka huo nilikuwa nimechumbiwa na Sebastiani, mwana wa Mama Konsolata. Alikuwa kijana wa maneno machache, mwenye tabia ya kula amesimama mlangoni huku akiangalia njia. Alikuwa na shati moja zuri, la buluu, na lilipochanika begani kwenye seng'enge nililishona kiraka kwa kipande cha lile pazia la manjano, kwa kuwa sikuwa na kingine. Mama yake alipoliona alishika mbavu. "Sasa mutoto wangu anavaa dirisha la Masera!" Sebastiani alilivaa hivyohivyo kila Jumapili, na mimi nikajua ananipenda. Msimu wa mvua ulipoanza akaenda upande wa Walikale kutafuta mawese, akiwa amelivaa. Hakurudi. Mwezi wa pili tangu aondoke likaja neno kwamba watu wenye bunduki waliwakuta wachuuzi kwenye kivuko. Nani aliyeona, hakuna. Nikiwa jikoni kwa Mama Konsolata natwanga sombe, majani ya muhogo, niliwasikia wazee wa ukoo nje, wakisema kwa sauti ya chini kwamba mtu asiye na maiti huzikiwa mgomba, na kwamba umefika wakati wa kukata mgomba. Mama Konsolata alikuwa anachochea moto karibu nami. Hakutoka nje. Aliwajibu kupitia ukuta: "Mugomba muzike wenu. Wangu iko njiani." Kisha akaniambia nisiache kutwanga, sombe itakuwa na nyuzi.

Mwezi wa tatu binti yake Apolina, mdogo wake Sebastiani, akaolewa Kibua. Arusi ilikuwa imepangwa tangu zamani na haikuahirishwa, kwa sababu kuiahirisha kungekuwa ni kukubali kwamba kuna msiba. Tulikwenda kwa miguu siku mbili, kamera imefungwa mgongoni mwa mbebaji kama mgonjwa, tukatoka kwenye vilima vya wazi na kuingia kwenye msitu, ambako hata mchana sauti yako hukurudia karibu. Watu wa Kibua walitupokea vizuri. Nakumbuka chumba tulimowekwa wanawake wa upande wa bibi harusi, giza la moshi, mikeka mipya, ndizi zilizopikwa na nyama ya porini iliyokaushwa, na wakwe wa Apolina wakinong'ona upande wa pili wa ukuta wa mianzi. Walikuwa Wakristo waliobatizwa, lakini ukoo ule ulikuwa bado unashika mambo ya wazee, na moja ya mambo hayo nililisikia kwa masikio yangu. "Kama habari ya kifo inaingia mu lupango leo," alisema mama mmoja, "bibi arusi anarudia kwao, na harudi tena. Njo desturi." Mwingine akauliza, "Na kaka yake yule mwenye kupotea?" "Kupotea haiko kufa," alijibu yule wa kwanza. Nilimwangalia Mama Konsolata. Alikuwa anampaka Apolina mafuta miguuni, na mikono yake haikusimama.

Picha ilipigwa saa nane, mawingu yakiwa yameshuka hadi kwenye miti. Apolina alikaa kwenye kiti, mume wake amesimama kando, na nyuma yao, hatua kama ishirini, kulikuwa na migomba mwisho wa lupango, ua wa nyumba ile. Nilikuwa nimeahidi kutumia kibati kidogo. Mkwe mwenye nyumba alitaka vionekane vyote: nyumba, migomba, wageni. Kibati cha haragwe kilikuwa tayari katikati ya vidole vyangu. Nikaingia chini ya kitambaa cheusi, nikaweka lupu ya Masera, kile kioo cha kukuzia, juu ya kioo cha kamera. Nilikuwa na mazoea yangu ya kazi: naanza mbali. Nasukuma kioo mpaka miti ya nyuma isimame wazi, kisha nakivuta polepole kuja kwa watu wa mbele. Ndani ya kamera kila kitu huwa kichwa chini miguu juu, lakini rangi ni zake zilezile. Nikasukuma, na migomba ikatokea, kijani, kila jani na mshipa wake. Na katikati ya migomba nikaona buluu, na juu ya buluu ile kipande cha manjano. Nilisogea hadi nikaugusa ubao wa kamera kwa paji la uso. Nilisogeza lupu kutafuta uso. Niliuona. Ulikuwa umepinduka, mdogo kama ukucha, lakini lenzi ile ilijua kazi yake. Alikuwa mtu mzima, mwenye ndevu, mwenye kovu toka jicho hadi mdomo. Sikuwa nimewahi kumwona maishani. Amesimama wima, mikono imening'inia, anatuangalia kama mtu aliyetumwa neno na kukuta watu wanacheza, ndani ya shati la Sebastiani.

Sitasema kwamba sikuelewa. Nilielewa palepale. Shati zuri halimwachi mtu likaenda kwa mwingine hivihivi. Na kutoka nje ya kitambaa Apolina alikuwa akiniita, anacheka, "Dada Valeria, umelala mule?" Nilivuta kioo. Yule mtu akayeyuka, ndevu kwanza, kisha kovu, kisha kichwa chote, na Apolina akatoka mbele yake akiwa wazi, na shanga zake zote. Nikatoka chini ya kitambaa bila kuinua macho kule nyuma, nikakirudisha kibati cha haragwe kwenye mfuko, nikafungua kifuniko na kufunga. Baadaye nilimwambia mkwe kwamba mvua ilikuwa inakuja na mwanga haukutosha kuhesabu hadi kumi. Ni kweli mvua ilikuwa inakuja. Lakini mimi niliiacha lenzi wazi yote kwa makusudi, kwa sababu kwa tundu dogo uso ule ungekaa kwenye ukuta wa Apolina maisha yake yote, na kabla ya jioni mtu angeuliza ni nani. Nilipothubutu kuangalia, kwenye migomba hapakuwa na mtu.

Karatasi ya kwanza inayotoka ndani ya kamera ile huwa kinyume: cheusi cheupe, cheupe cheusi. Niliisafisha ndani ya ndoo na wanawake wakasogea. Apolina na mume wake walitoka weupe kama waliopakwa udongo wa msiba, na mama wa Kibua aliyesema juu ya desturi alishtuka akajifunika macho. Nikaipiga picha ile karatasi mara ya pili, kama inavyofanywa, ili watu warudi kuwa weusi. Mama Konsolata ndiye aliyeichukua ikiwa bado inadondoka maji. Alimwangalia binti yake kidogo tu. Kisha kidole chake kikaenda nyuma, kwenye migomba iliyokuwa inazunguka, kikasimama juu ya umbo refu lisilo na uso. Lenzi ilikuwa imekula ndevu, imekula kovu, imekula macho. Ilikuwa imekibakiza kiraka, doa jeupe la duara begani. Hilo sikulifikiria. "Iko huyu," alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Angalia dirisha la Masera. Alikuja kwa arusi ya dada yake, akaogopa kuingia. Valeria, njo yeye, ao hapana?" Watu wote waliniangalia. Wakwe walikuwapo. Apolina alikuwapo, ameshika mdomo kwa mikono miwili. Nikasema, "Haionekani vizuri, Mama." Akanipiga begani kwa furaha. "Kwa jicho lako. Kwa jicho la mama inaonekana."

Mgomba haukuzikwa. Picha ilitundikwa juu ya meza kwa Mama Konsolata, maana Apolina alimwachia, na kila mgeni alionyeshwa. Mimi niliificha karatasi ya kwanza, ile ya weupe. Niliitazama mara nyingi, na kila mara nilitafuta mkia kwenye umbo lile, dalili kwamba alisogea, alikimbia, alikuwa mpita njia tu. Hapakuwa na mkia. Alikuwa amesimama tuli wakati wote, kama vile yeye ndiye anayepigwa picha. Mwaka uliofuata, maharagwe yakitoa maua, Mama Konsolata alikuja chumbani kwangu misheni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alikaa kwenye kitanda cha chuma, akalishika pazia lililokatwa pembe. "Mutoto wangu, usingoje tena," alisema. "Kama mwanaume anakuja mbele yako, olewa. Miye njo nitangoja, iko kazi yangu." Nililia, na yeye hakulia. Nilifikiri amechoka kwa ajili yangu. Nikaolewa na mtu wa Shasha, mtu mwema, nikazaa, nikauza ile kamera, na kila mwaka nilipokwenda kumsalimu Mama Konsolata nilikaa chini ya picha ile na kula ugali wake, nikiwa na maneno mdomoni, nikayameza pamoja na ugali. Nilimwogopa. Nilimwogopa zaidi ya nilivyowahi kuwaogopa wenye bunduki, kwa kuwa alikuwa na furaha ambayo niliitengeneza mimi kwa tundu la lenzi.

Nilipofika Nyabiondo walikuwa wamekwisha mzika. Apolina, sasa mwanamke mzito anayetembea kwa fimbo, alinishika mkono mbele ya watu wa kilio akaniingiza chumbani kwa mama yake na kufunga mlango. Nilitoa karatasi kutoka kwenye Biblia. Aliilaza juu ya kitanda bila kuiangalia. "Mama alisema utakuja nayo," aliniambia. "Alisema, Valeria anabakiaka na nusu, na miye niko na nusu. Muweke pamoja." Akalivuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda. Humo mlikuwa na kitambaa cheupe cha kanisani, kimefungwa vizuri, na ndani yake lilikuwamo shati la buluu, limefuliwa, limepigwa pasi, limekunjwa kama la mtu anayetarajiwa kesho. Rangi ya kiraka ilikuwa imepauka.

"Kuna mwanaume alikuja," Apolina alisema, "ule mwaka kisha arusi yangu. Maharagwe ilikuwa na maua. Mama alituambiaka njo muuza chumvi. Alikuwa na kovu hapa." Akapitisha kidole toka jicho hadi mdomo. "Walikaa nyuma ya nyumba tangu asubuhi. Juzi tu njo Mama alinipa maneno yote. Yule Papa alimukuta Sebastiani kwa kivuko, akamuzika. Akavaa shati ili mama yake aione, ajue maneno iko ya kweli. Aliuliza njia nzima nani anajua shati ile, akafika Kibua siku ile ya arusi, akakuta ngoma, akaogopa, akarudia." Alivuta pumzi. "Mama alificha juu yangu: wakwe bangejua habari ilifika siku ya arusi, bangenirudisha. Kisha akazoea kuficha. Na juu yako pia. Alisema weye ulipenda sana ile foto, kama angekuambia ungekufa." Nikakaa ukingoni mwa kitanda. Apolina alinitazama usoni. "Dada Valeria, weye ulijuaka?"

"Nilijua," nikasema. "Kabla ya kufungua kifuniko."

Hakunifokea. Alikaa karibu nami, tukalilaza shati juu ya magoti yetu, na kwa kuwa macho yangu hayaoni mbali nililiinua hadi karibu na pua. Kiraka changu kilikuwa palepale begani, mishono mirefu, ya haraka, ya msichana anayetaka kazi yake ionekane. Kisha vidole vyangu vikagusa kitu kingine, chini kidogo, upande wa moyo: tundu, si kubwa kuliko punje ya haragwe, limezibwa kwa uzi wa buluu. Hilo sikulishona mimi. Niligeuza kitambaa kwenye mwanga wa dirisha nikajaribu kuihesabu mishono, nikashindwa. Mama Konsolata alikuwa ameishona midogo sana, ya mtu asiyetaka ionekane.